Upatu wa Vidonge

Mizani haikuwa na adabu. Mashine nyingine za zahanati ya Lupandasi zilikoroma kidogo kabla ya kutoa jibu, angalau mtu ajiandae. Mizani, ile ya kupimia damu, ilitema tu. Asubuhi ile ya siku ya kupimwa ililitema jina la Mzee Lutengano kwa maandishi mekundu, mbele ya Mkaguzi kutoka Idara ya Mgao, huku watu arobaini wamesimama kwenye foleni wakipuliza viganja kwa baridi.

Skolastika Mbilinyi, mpimaji wa kata kwa mwaka wa kumi na sita, alizisoma namba mara mbili. Homoni, juu kupita kiasi. Wito, ishirini na nne.

Mtoto yeyote wa Lupandasi angeweza kukueleza maana ya namba hizo. Tangu ule mwaka wa vumbi, tezi za shingo zilipokufa kwa watu wote wa nyanda za juu, watoto walijifunza habari za homoni kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Homoni ndiyo iliyo ndani ya kidonge. Ndiyo inayowasha moto wa mwili, inayousukuma moyo, inayomfanya mtu aamke na kukumbuka jina lake. Wito ni sauti ya tezi nyingine, ndogo kama punje ya maharage, iliyojificha chini ya ubongo. Kazi yake ni kuiamrisha shingo itoe homoni. Homoni ikitosha, inanyamaza. Ikipungua, inapaza sauti kama mama anayemwita mtoto asiyeitika. Shingo yenyewe imekufa na haiwezi kuitika, lakini ubongo hakuna aliyeupelekea habari za msiba, basi unaita tu.

Kwa hiyo mwenye homoni nyingi hupaswa kuwa na wito mdogo. Wito wa mtu mzima mwenye afya hauzidi nne. Mzee Lutengano alikuwa na vyote viwili juu, na hilo lilikuwa na maelezo ya aina moja tu. Homoni hupanda kwa saa chache, ila wito hushuka taratibu, kwa wiki sita nzima. Mzee alikuwa ameishi na upungufu kwa muda mrefu, kisha asubuhi ile akameza vidonge vingi kwa mpigo ili aonekane ameshiba.

"Mbugiaji," alisema Mkaguzi Leokadia Nyoni, bila ukali. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa maneno, aliyevaa koti zuri la kijivu na bado akaomba dirisha lifunguliwe. "Amekuwa akivitoa nje. Unaijua kanuni, Mpimaji."

Skola aliijua. Kila Jumatatu kila mtu alipewa vidonge saba vyeupe kwenye dirisha la mgao, kimoja kwa siku. Anayevitoa nje hufutwa jina kwa siku tisini, na dirisha halimfungukii. Siku tisini bila kidonge, kwa mzee wa miaka sabini na minne, katika kata ambayo barafu hushika majani ya viazi mwezi wa sita! Skola aliwahi kuwaona wawili waliofutwa. Nyuso zilivimba, sauti zikawa nzito, wakawa wanasinzia katikati ya sentensi, mwili ukapoa siku hadi siku, na asubuhi moja hawakuamka. Kwenye cheti cha kifo Idara iliandika uzee.

"Kanuni pia inampa haki ya kutolewa damu mara ya pili," alisema Skola.

"Inampa," alikubali Mkaguzi. "Nasubiri."

*

Chumba cha nyuma kilinuka spiriti na sufi mbichi, kwa sababu Edina, binti wa Mzee, alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani akifumua nyuzi zilizosokotana. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja na kimo cha msichana wa miaka tisa. Alimtabasamia Skola, akarudi kwenye nyuzi zake. Hakuna aliyekuwa na subira ya nyuzi kama Edina, kata nzima.

"Mzee, umemeza vingapi leo?"

"Kimoja."

"Mzee."

"Vinne." Aliangalia viatu vyake. "Nilisikia mkaguzi anakuja, nikasema nijazie. Debe likipungua si unajazia?"

"Debe la mahindi, ndiyo! Mwili si debe. Ungekuja umepungukiwa hivyohivyo ningesema tumbo lako halinyonyi dawa, tungetafuta njia. Sasa umejianika mwenyewe."

Alimfunga mpira mkononi, akautafuta mshipa. Ngozi ya mzee ilikuwa kavu kama gome na baridi kuliko sindano. Skola aliona haya. Angepaswa kuiona ngozi hiyo wiki tatu zilizopita, walipokutana kisimani, lakini siku hiyo alikuwa na haraka, na mzee alikuwa na koti.

Mpango wa kuchangia vidonge ulikuwa wake yeye Skola, na ulikuwa mpango safi. Tulizo Mahenge, mshona masweta wa mtaa wa chini, alipopata mimba, wito wake ulianza kupanda kuliko wa wajawazito wengine wa kata, ingawa alimeza kidonge chake kila alfajiri kabla ya kutia kitu kinywani. Mwili wenye mimba hutaka homoni zaidi, karibu nusu tena ya ile ya kawaida. Tena mtoto wa tumboni, miezi ile ya mwanzo, hana tezi wala chochote. Akili yake hujengwa kwa homoni ya mama peke yake. Skola aliiandikia Idara barua tatu akiomba Tulizo aongezewe. Alijibiwa mara moja tu, kwa mstari mmoja: Kipimo ni sawa kwa wote.

Basi alikwenda kwa Bibi Aneti, kijumbe wa upatu. Wanawake wa Lupandasi wamecheza upatu tangu enzi za bibi zao, kila mmoja anatoa, zamu inamfikia mmoja, na kijumbe ndiye anayeshika orodha kichwani. Skola aliuliza kama upatu unaweza kuchezwa kwa vidonge. Bibi Aneti aliuliza swali moja tu: je, anayetoa ataumia?

"Hataumia," Skola alimwambia. "Homoni ya kidonge haina haraka ya kuondoka mwilini. Ukikosa siku moja, ya jana na ya juzi bado zipo. Hata baada ya siku saba, nusu inakuwa imebaki. Anayeruka kidonge kimoja kila wiki nne, hata Mizani haimwoni."

Wakapatikana watu kumi na wawili. Kila wiki watatu walitoa kimoja kimoja, na Tulizo akawa na vidonge kumi badala ya saba. Wito wake ulirudi mbili, ukatulia. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema Bibi Aneti, akaendelea kufuma.

"Wewe ulipaswa kutoa kimoja kwa wiki nne," Skola alimwambia mzee sasa, huku damu ikiingia kwenye kichupa. "Wito wako si wa mtu aliyetoa kimoja."

"Watu waliogopa," alisema Mzee Lutengano. "Ziliposikika habari za ukaguzi, mmoja alijitoa, halafu wa pili. Mwisho tukabaki mimi na Bibi Aneti. Kila aliyejitoa, nilimwambia Bibi kwamba kanituma mimi nipeleke chake."

"Ukatoa vitatu. Kila wiki."

"Kwa wiki saba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza."

Ni kweli, angemkataza. Skola alikiziba kichupa chenye uvuguvugu.

"Edina alizaliwa mwaka ule wa kwanza baada ya vumbi," alisema mzee. "Mama yake alikuwa anapewa nusu kidonge. Nusu, na mimba juu! Walituambia mtoto anachelewa tu kuongea, tuwe na subira. Basi nikawa nasubiri aniite baba." Alimtazama binti yake, ambaye alikuwa amepata ncha ya uzi na kuiinua juu kwa furaha. "Bado nasubiri. Simlaumu yeye, maskini, yeye ndiye aliye mwema kuliko sisi wote. Lakini wa Tulizo hatasubiriwa hivyo, wakati mimi nina vidonge mfukoni. Mimi nimeshakula chumvi nyingi, Skola. Tena ile chumvi ya zamani, yenye madini yake."

Akacheka, na kicheko chake kilikuwa kizito na cha polepole, kicheko cha mtu ambaye moto wake unafifia. Skola alitamani kumlilia palepale. Badala yake alikasirika, na hasira ilimfaa zaidi.

*

Mkaguzi Nyoni alikuwa amemiminiwa chai. Kikombe kiligongagonga kwenye kisahani kila alipokiinua, mpaka akaamua kukiacha mezani.

"Nitasema jambo moja, na sitalirudia," alisema. "Hicho kichupa ukikitikisa kwa nguvu, chembe za damu zitapasuka, na Mizani itakikataa. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Ikikikataa, mzee atapimwa tena baada ya wiki sita. Kwa wiki sita mtu anaweza kurekebisha mwili wake. Mimi nitatazama nje, mandhari yenu ni nzuri. Halafu utanipa jina la anayepokea vidonge, nami nitakuwa nimefanya kazi iliyonileta. Jina moja. Mzee wako atalala salama."

Skola alikitazama kichupa. Mtikiso mmoja. Alijua hata sauti yake, kwa maana alishawaona wapimaji wa kata nyingine wakifanya hivyo kwa ajili ya ndugu zao, na hakuwalaumu. Lakini yeye kwa miaka kumi na sita hakuwahi kuharibu damu ya mtu wala kuandika namba ya uongo. Watu wa Lupandasi walibishana juu ya mipaka ya mashamba, juu ya nani alimtoroka nani, ila hawakubishana juu ya namba za Skola. Mizani ilipokosea, na ilikosea, neno lake pekee ndilo lililowaokoa. Akitikisa leo, kesho atamtetea nani, na kwa neno gani?

Na asipotikisa, mzee atakufa. Na akitikisa, ni Tulizo, mimba ya miezi mitano, jina lililofutwa. Amuuze mtoto ambaye hajazaliwa ili kumnunua mzee ambaye alishajitoa kwa ajili ya mtoto huyohuyo!

Aliweka kichupa ndani ya Mizani, taratibu, kama mtu anayelaza yai. Mashine ikatema. Homoni juu. Wito, ishirini na nne.

"Umechagua," alisema Mkaguzi.

"Bado sijamaliza."

Kwenye kioo kilifunguka kisanduku cha sababu. Kilikubali alama tatu tu: ameuza, amepoteza, ni mgonjwa. Skola alizipita zote, akafungua nafasi ya maelezo ya mpimaji, ambayo hakuna aliyewahi kuitumia tangu Mizani iletwe, akaandika kwa vidole viwili. Aliandika akisoma kwa sauti, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na foleni ilikuwa inasikiliza.

"Kipimo kilichowekwa na Idara hakimtoshi mjamzito. Barua tatu zimeandikwa. Zamu ya kuchangia vidonge ilipangwa na mpimaji. Mzee Lutengano alifuata mpango wa mpimaji, akazidisha kwa huruma. Skolastika Mbilinyi."

Nje mtu alikohoa, akajizuia.

"Jina la anayepokea," alisema Mkaguzi.

"Kata hii ina wajawazito kumi na mmoja. Mizani yako ina namba zao zote. Iulize."

Mkaguzi hakuiuliza, maana wote wawili walijua isingemtaja. Mizani ilifundishwa kumtilia shaka mwenye wito wa juu. Tulizo alikuwa sawa, na aliye sawa haonekani.

"Unajifutisha mwenyewe, Mpimaji. Kwa mstari ambao hakuna mtu atakayeusoma."

"Wewe umeusoma." Skola alinyoosha mkono juu ya meza. "Nipe mkono wako, mama."

Pengine ni mazoea, maana mtu akiambiwa hivyo zahanati hutii. Mkaguzi alitoa mkono. Ulikuwa wa moto na unyevu, na vidole vilitetemeka kidogo bila kukoma. Skola aliushika mshipa akaangalia saa ya ukutani.

"Mapigo mia moja na kumi na nane, nawe umekaa. Umekonda, na si kwa kukosa chakula. Usiku hulali vizuri. Unaona joto, sisi tumevaa masweta mawili mawili. Wanakupa ngapi?"

Mkaguzi aliteremsha sauti. "Kimoja. Cha manjano."

Cha manjano kilikuwa na nguvu ya vyeupe viwili. Watu wa kata walikisikia tu.

"Basi wito wako umezimika kabisa," alisema Skola. "Moyo wako unakimbia kama unafukuzwa, mifupa yako inaliwa, na Mizani haijawahi kunung'unika, kwa sababu haikufundishwa kuwauliza walioshiba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, mama, lakini damu inawajua wote wawili. Chukua kidogo kuliko wanachokupa. Huo ni ushauri wa mpimaji, na kwa sasa bado mimi ni mpimaji."

Mkaguzi aliurudisha mkono wake, akaufunika na mwingine. Kwa muda alionekana kama mtu aliyesomewa barua yake hadharani. Kisha akakusanya makaratasi.

"Majina mawili. Siku tisini," alisema. "Kuanzia Jumatatu."

"Mbilinyi. Usikosee, tuko wengi."

Skola alikwenda mlangoni. Foleni ilimtazama, nyuso arobaini, na miongoni mwao aliwaona waliojitoa, wakitazama chini.

"Lutengano, wito ishirini na nne, amefutwa," alisoma, kama alivyosoma namba zote kwa miaka kumi na sita. "Mbilinyi, aliyepanga zamu, amefutwa. Anayefuata!"

Akapima hadi mtu wa mwisho.

*

Jumatatu alikwenda kwenye dirisha la mgao kama kawaida. Alijua halitafunguka. Alikwenda makusudi, akasimama kwenye foleni kwa zamu yake, akaweka kidole kwenye kioo, na sauti ya kike ya dirisha ikasema kwa upole kwamba jina halipo.

"Lipo," Skola aliiambia. "Hujalipata tu."

Alipiga hesabu akiwa palepale. Baada ya siku saba angebaki na nusu ya homoni yake, baada ya nyingine saba robo. Angekuwa na akili timamu kwa wiki nne, labda tano. Mzee Lutengano hakuwa na hata moja. Hofu ilimshika, hofu ya kweli, na hakujidanganya kuwa ni baridi.

"Kamwene," ilimsalimu sauti nyuma yake.

Alikuwa Bibi Aneti, na kikapu chake cha sufi mkononi.

"Kamwene, Bibi."

"Zamu yako leo."

"Bibi, mimi sina mimba."

"Mbona unanifundisha kazi yangu? Upatu hauulizi tumbo, unauliza zamu." Bibi Aneti alitia mkono kwenye kikapu, akatoa kitonge cha sufi, akakipanua kwa vidole vyake vilivyopinda. Ndani vilikuwa vidonge vyeupe, vingi. "Waliojitoa wamerudi. Wamekuja kunipigia magoti kana kwamba mimi ndiye padri. Nimewaambia wasinipotezee muda, kila mmoja alete na jirani yake."

Skola alihesabu kwa mazoea. Kumi na wawili walitosha kumwongezea mjamzito mmoja. Kuwalisha watu wawili wazima juu yake, kila mtu akitoa kimoja tu kwa wiki nne, kungetaka watu sitini na wanane.

"Mko wangapi, Bibi?"

"Sabini na mmoja. Na mtaa wa juu bado hawajashuka, wanavuna viazi." Bibi alichakura tena kikapuni. "Kuna na hiki. Dereva wa Idara kaniletea ndani ya bahasha, kwa mkono wake. Kasema aliyemtuma anasema hivi: mwambie mpimaji nimefuata ushauri."

Katikati ya kiganja chake palikuwa na kidonge cha manjano.

Watu wa foleni walijongea kukitazama. Wengi hawakuwahi kukiona. Skola aliomba mkasi wa kukatia nyuzi, akakiweka kidonge juu ya ukingo wa dirisha, chini kabisa ya jicho la kamera, akakikata katikati. Kilitoka sawasawa, nusu mbili. Nusu moja aliiinua mbele ya kamera na kuishikilia hapo, bila haraka, ili wanaotazama huko Idara wasije wakasema hawakuona. Kisha akaimeza.

Nusu ya pili aliifunga kwenye pembe ya leso na kuanza kuteremka mbio kwa Mzee Lutengano. Ilibidi amkute kabla hajanywa chai, maana dawa ile na chai havipatani.